Roboti, Mtoto na Mtu wa Tatu

Mhadhara kwa wazazi na walimu wa Buruburu

Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, watafiti wawili, Sylvia Weir na Ricky Emanuel, walimketisha mtoto wa miaka saba mwenye usonji mbele ya kisanduku cha vitufe. Kila kitufe kilimwamuru kobe wa mashine aliyekuwa sakafuni: songa mbele, rudi nyuma, geuka, piga honi. Kobe huyo alitengenezwa kwa ajili ya kuwafundisha watoto hesabu kupitia lugha ya kompyuta iitwayo LOGO. Hakuna aliyemkusudia awe tabibu. Mtoto akabonyeza, kobe akatii. Akabonyeza tena, kobe akatii vilevile. Watafiti wale waliandika kwamba mchezo huo ulimfungulia mtoto njia ya kuwasiliana, na andiko lao likawa miongoni mwa ya mwanzo kabisa katika uwanja ambao leo una maabara kutoka Japani hadi Marekani.

Tangu hapo kobe amepata uso, mikono na sauti. Hata hivyo swali la Edinburgh limebaki palepale, na linamhusu mzazi wa Buruburu, hapa Eastlands ya Nairobi, kama linavyomhusu profesa wa Uskoti: inakuwaje mtoto anayemkwepa binadamu akaukaribia mtambo, na je, ukaribu huo unaweza kumrudisha kwa watu? Dai la mhadhara huu ni kwamba hazina kubwa iliyopatikana katika miaka hiyo yote ni maarifa kuhusu mtoto mwenyewe. Roboti ilikuwa chombo cha kuyachimbua. Maarifa hayo hayana haja ya kungoja kibali cha forodha katika bandari ya Mombasa, na familia ya Eastlands inaweza kuanza kuyatumia jioni ya leo.

Usonji hauambukizwi, si laana ya ukoo, wala hauletwi na kosa la mama wakati wa ujauzito. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua, na huonekana katika mawasiliano, katika mahusiano na watu, katika kupenda mambo yajirudie, na katika hisia zilizo kali au hafifu kuliko kawaida. Daktari Leo Kanner alipoueleza huko Marekani mwaka 1943 aliandika habari za watoto 11. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila 127 duniani alikuwa na usonji. Marekani, ambako watoto huchunguzwa kwa wingi, takwimu zilizotolewa mwaka 2025 zilionyesha mtoto mmoja katika kila 31 wa umri wa miaka minane. Tofauti hiyo inatokana kwa kiasi kikubwa na nani anatafutwa na anatafutwa vipi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliuliza juu ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Usonji haukuwa na swali lake. Mtoto mwenye usonji, kama alihesabiwa, alihesabiwa ndani ya kikapu cha jumla.

Buruburu yenyewe inastahili kusikilizwa kwa sikio la mtoto huyo. Mtaa ulijengwa kwa awamu tano kuanzia mwaka 1973, zaidi ya nyumba 4,000 zilizopangwa kuzunguka nyua tulivu, kwa ajili ya watumishi wa serikali na familia za kipato cha kati. Utulivu ule umepungua sana. Barabara ya Mumias South inapitisha matatu za namba 58, zile nganya zenye michoro, taa zinazometameta na muziki unaotikisa vioo vya dirisha. Wenye nyumba wameongeza vyumba mbele na nyuma, na mashine ya kukatia chuma hulia kuanzia asubuhi. Jumapili vipaza sauti vya makanisa hushindana. Kijana wa kawaida huliona hilo kuwa raha ya mtaa. Mtoto ambaye masikio yake hupokea kila sauti kwa ukali uleule hawezi kuchagua aisikie ipi na aiache ipi, na ndiyo maana akipanda nganya na mama yake kwenda mjini, huenda akajitupa sakafuni, akapiga kelele na kujiuma mkono. Abiria husema amedekezwa. Ukweli ni kwamba amezidiwa.

Uso wa binadamu nao una kelele zake. Nyusi hupanda, mdomo hucheza, macho huhama, sauti hupanda na kushuka, na yote hayo hubadilika kabla mtoto hajamaliza kusoma hata moja. Hapo ndipo roboti ilipopata nafasi.

Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, ni miongoni mwa vilivyolishughulikia jambo hili kwa muda mrefu zaidi. Profesa Kerstin Dautenhahn na mwenzake Ben Robins walitumia kwanza roboti ndogo za magurudumu, kisha mwaka 2005 ikaanza kazi ya kutengeneza Kaspar, roboti yenye kimo cha mtoto mdogo, iliyovishwa nguo za kawaida, na uso ulioachwa kwa makusudi bila mambo mengi. Inatabasamu, inapepesa macho, inapiga ngoma, inainua mkono. Tabasamu lake la leo ni lilelile la jana. Ndani ya mwili wake kuna vihisio vya mguso: mtoto akiishika kwa upole huonyesha furaha, akiifinya hulalamika kwamba inaumia. Mtoto aliyezoea kumfinya mdogo wake bila kuelewa kosa liko wapi hupata mahali pa kukosea na kujaribu tena, mara ishirini akipenda, bila mtu kuumia na bila mtu kumkaripia. Mwalimu aliye kando humwonyesha: ukimshika hivi, angalia uso wake.

Ufaransa nayo ilileta NAO, roboti ya kampuni ya Aldebaran yenye urefu wa sentimita 58, inayotembea, kucheza dansi na kuzungumza. Ndiyo iliyosambaa zaidi katika utafiti wa aina hii. Mchezo wake wa kawaida na watoto ni kuigana: roboti inainua mkono, mtoto anainua, roboti inatazama upande wa kushoto, mtoto anafuata mtazamo wake hadi kwenye picha iliyopo mezani. Kufuata macho ya mwenzako kunaweza kuonekana jambo dogo. Lakini kwa njia hiyo mtoto wa mwaka mmoja hujifunza kwamba neno “mbwa” linahusu yule mnyama ambaye mama anamtazama. Mtoto asiyefuata macho hukosa maelfu ya masomo ya lugha kabla hajafika shule ya chekechea.

Utafiti unaofaa kusomwa polepole kuliko yote ulichapishwa mwaka 2013 na Elizabeth Kim, Brian Scassellati na wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale. Watoto 24 wenye usonji, wa umri wa miaka 4 hadi 12, walicheza kwa zamu na vitu vitatu: mtu mzima, mchezo wa kompyuta, na roboti ndogo yenye umbo la dinosau iitwayo Pleo. Katika kila mchezo alikuwepo mtu mzima mwingine wa kuongoza. Watoto walisema maneno mengi zaidi walipokuwa na roboti, na walimsemesha zaidi hata yule mwongozaji aliyekaa kando. Mashine haikuwanyang’anya watu mtoto wao. Iliweka mezani jambo la kuzungumzia, na mtoto akageuka kumwambia mtu: umeona?

Tafsiri ya jambo hilo ni pana. Roboti ikiwa peke yake na mtoto ni kitu cha kuchezea, pengine kizuri. Roboti ikiwa na mtoto na mtu wa tatu anayejua anachofanya, hapo ndipo inapoitwa tiba.

Scassellati aliendelea. Mwaka 2018 yeye na wenzake walitoa matokeo ya roboti zilizokaa nyumbani mwa familia 12 kwa siku 30, nusu saa kila siku. Roboti ilisimulia hadithi, ikatoa michezo, ikapunguza au kuongeza ugumu kulingana na mtoto, na kwa mwenendo wake ikaonyesha namna ya kumtazama mwenzako. Mzazi alikaa mezani na kucheza pamoja. Mwisho wa mwezi watoto walikuwa wameboresha uwezo wa kushiriki jambo moja na mtu mzima hata pale roboti haipo, na wazazi waliripoti kwamba watoto wanajaribu zaidi kuanzisha mawasiliano. Ni matokeo ya kutia moyo. Familia 12 ni chache, hapakuwa na kundi la kulinganisha lililoishi bila roboti, na mzazi aliyeketi na mtoto wake nusu saa kila jioni kwa mwezi mzima ni dawa kwa nafsi yake. Anayetaka kuuza roboti hulitaja la kwanza na kuyanyamazia haya mengine.

Ulaya ilijaribu kwa ukubwa zaidi kupitia mradi wa DREAM, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia mwaka 2014, na sehemu kubwa ya tiba ikafanyika Romania chini ya Profesa Daniel David wa Chuo Kikuu cha Babeș-Bolyai. Kumbukumbu zake zilizotolewa kwa watafiti wengine zina watoto 61, vipindi zaidi ya 3,000 na zaidi ya saa 300 za tiba. Kwa muhtasari, watoto waliotibiwa kwa msaada wa roboti walipiga hatua, na waliotibiwa na mtu kwa njia ya kawaida nao walipiga hatua. Roboti iliweza kumshikilia mtoto katika shughuli. Haikumpita tabibu stadi.

Kuna jambo jingine ambalo picha za magazeti hazilionyeshi. Katika tafiti nyingi za namna hii, roboti haijiendeshi. Nyuma ya kioo au kwenye kona ya chumba ameketi mtu mwenye kompyuta ndogo, anamtazama mtoto na kubonyeza: sasa msalimie, sasa nyamaza, sasa mpongeze. Mtoto anaona roboti yenye hekima, na hekima ile ni ya mtu huyo. Ndiye anayejua kwamba mtoto amechoka, kwamba kile kicheko ni cha furaha na kile cha pili ni cha wasiwasi. Kwa hiyo anayefikiri kununua roboti ili kuziba pengo la matabibu wa usemi na wa tiba kazi nchini Kenya anapaswa kujua kwamba mashine hiyo itamhitaji tabibu, na juu yake itamhitaji mtu wa kuiendesha na fundi wa kuitengeneza.

Nairobi si ngeni kwa roboti. Tangu mwaka 2024 kuna mkahawa jijini ambako roboti hubeba sahani hadi mezani, na wazazi huwapeleka watoto kutazama. Rwanda ilitangulia katika mambo ya afya: mwezi Mei 2020 Kigali ilipokea roboti tano kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, zikapewa majina ya Kinyarwanda, Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri, na kuwekwa kazini wakati wa korona kupima joto la watu na kuwapunguzia wahudumu hatari ya kuambukizwa. Funzo lake ni kwamba nchi ya Afrika Mashariki ikiamua, mashine hufika na kufanya kazi. Ila kupima joto ni kazi moja. Kumfundisha mtoto zamu ya kusema na zamu ya kunyamaza ni nyingine kabisa.

Ugumu wa kazi hiyo unaanza na lugha. Mtoto wa Buruburu huamshwa kwa Kikamba, Kikuyu, Dholuo au Kiluhya, hucheza uani kwa Sheng, huimba kanisani kwa Kiswahili na kusoma kwa Kiingereza. Roboti nyingi zilizotajwa hapa zilitengenezwa kwa lugha za wanunuzi wake, hasa Kiingereza. Wazazi wengi wa Nairobi huambiwa wachague lugha moja ili wasimchanganye mtoto, na inayochaguliwa ni Kiingereza, hata pale ambapo nyanya anayemlea mchana hakijui. Tafiti zilizofanywa juu ya watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hazijaonyesha kwamba lugha ya pili huwachelewesha. Kumnyima mtoto lugha ya nyanya yake ni kumpunguzia watu wa kuzungumza nao, wakati tatizo lake tangu mwanzo ni uchache wa mazungumzo. Roboti inayoongea Kiingereza cha Texas italiongeza kosa hilo na kulivisha joho la sayansi.

Ugumu wa pili ni adabu. Programu nyingi hupima maendeleo kwa muda ambao mtoto amekutazama machoni. Katika familia nyingi za Kenya mtoto anayesemeshwa na babu huinamisha macho, na huko ndiko kulelewa vizuri. Watu wazima wenye usonji, huko Ulaya na Marekani, wamesema waziwazi kwamba kulazimishwa kukaza macho kuliwaumiza na kuwafanya wasisikie kinachosemwa. Mwalimu wa Nairobi hana haja ya kurithi kipimo hicho. Mtoto akimletea mama kikombe kuomba chai, akamgusa mkono kumwonyesha ndege, akageuka anapoitwa, hayo ni mawasiliano yaliyo hai, hata kama macho yake yako kwenye kikombe.

Halafu kuna suala la nani anayeshika hatamu za mashine. Roboti iliyotumika katika utafiti wa Yale wa 2018 ilikuwa Jibo, iliyobuniwa na Cynthia Breazeal wa MIT. Kampuni yake ilifunga, na mwaka 2019 Jibo zilizokuwa majumbani ziliwaambia wenyeji wao kwamba mitambo ya mbali inayoziendesha itazimwa, zikaaga. Mwezi Desemba 2024 likatokea la pili. Kampuni ya Embodied ya California, iliyouza roboti ya watoto iitwayo Moxie kwa dola 799, takriban shilingi 103,000 za Kenya, ilitangaza kufunga kwa kukosa fedha, na kwa kuwa akili ya Moxie ilikuwa kwenye seva za kampuni, wazazi walilazimika kuwaeleza watoto kwamba rafiki yao ataacha kusema. Mwaka 2025 hata Aldebaran, kampuni ya NAO, ilifilisika. Fikiria mtoto ambaye dunia yake imeshikiliwa na mambo yasiyobadilika, ambaye hulia siku nzima kwa sababu sahani yake ya bluu imevunjika. Kumpa rafiki ambaye uhai wake unategemea wawekezaji wa ng’ambo, kisha kumnyang’anya bila taarifa, ni ukatili hata kama hakuna aliyeukusudia. Kwa mtaa ambao stima hupotea na bando huisha katikati ya mwezi, sharti la kwanza la roboti yoyote liwe hili: ifanye kazi bila intaneti, na iweze kutengenezwa hapahapa.

Sharti la pili ni faragha. Roboti ya aina hii ina kamera na kipaza sauti, na hurekodi uso wa mtoto, sauti yake, na ugomvi wa wazazi jikoni. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtoto zichakatwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Mzazi asitie sahihi fomu asiyoielewa kwa sababu tu mashine imetolewa bure.

Yote haya hayamaanishi kwamba roboti ziachwe kwa matajiri wa nchi nyingine. Huko Ubelgiji, Cesar Vandevelde na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ghent walibuni Ono, roboti ya kijamii ambayo michoro yake iko wazi kwa kila mtu, yenye mwili wa sponji na vipande vinavyokatwa kwa mashine za kawaida za karakana. Marekani, maabara ya Guy Hoffman katika Chuo Kikuu cha Cornell ilitengeneza Blossom, roboti ya mbao na nyuzi ambayo vazi lake hufumwa kwa sindano ya krosheti. Nani asiyejua vitambaa vya kufuma vilivyotandikwa juu ya makochi ya Buruburu? Mikono ya kuivika roboti kama hiyo iko katika kila ua. Karakana za kukata na kuunda vifaa zipo Nairobi, Gearbox ikiwa mojawapo, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji wamezoea kuunda chombo baada ya kukiona mara moja. Wahandisi wachanga wa vyuo vyetu hushindana kutengeneza roboti za kubeba mipira mashindanoni. Wakikutanishwa na walimu wa watoto wenye usonji wanaweza kutengeneza kichwa kinachosema “habari ya asubuhi”, kisubiri, kirudie kwa sauti ileile, na kikae kimya mtoto anapozidiwa.

Walimu hao wapo. Mwaka 2003 wazazi wa Chama cha Usonji cha Kenya walishirikiana na Shule ya Msingi ya City, iliyoko Ngara, kuanzisha kitengo cha watoto wenye usonji ndani ya shule ya umma. Ilikuwa hatua ya ujasiri, kwa sababu watoto wengi wa aina yao walikuwa wakifungiwa nyumbani au kurudishwa na shule moja baada ya nyingine. Dar es Salaam ina mfano unaofanana, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto. Kenya ilianzisha vituo vya tathmini ya elimu mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, mwaka 1986. Sera ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inawataka wasome pamoja na wenzao kadiri inavyowezekana, na mwaka 2025 nchi ilipata sheria mpya ya watu wenye ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Msingi umewekwa. Kinachopungua ni watu wa kutosha wenye mafunzo, karibu na nyumbani kwa mtoto.

Kwa mzazi wa Buruburu, Ngara si mbali kwenye ramani. Ni matatu moja kupitia Jogoo Road, kupita City Stadium na Muthurwa, kisha kutembea au kupanda nyingine katikati ya umati. Mtoto aliyezidiwa na nganya hufika darasani akiwa amemaliza nguvu zote za siku. Mama naye amepoteza nusu siku ya biashara. Kwa hiyo tiba bora ni ile inayopunguza safari, na hapa Afrika Mashariki ina utafiti wake wa kujivunia. Shirika la Afya Duniani, likishirikiana na shirika la Autism Speaks, liliandaa mafunzo ya ujuzi kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji au ulemavu wa ukuaji: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, vikiongozwa na watu wasio wataalamu waliofundishwa kwa kazi hiyo. Profesa Amina Abubakar wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, na Profesa Rosa Hoekstra wa King’s College London wamekuwa mstari wa mbele kuyapima Kenya na Ethiopia kupitia mradi wa SPARK.

Ukiyachunguza mafunzo hayo utaikuta humo roboti yote, isipokuwa mota zake. Mlezi hufundishwa kukaa usawa wa macho ya mtoto, kufuata kile mtoto anachokipenda badala ya kumvuta kwenye kingine, kutumia maneno machache, kuonyesha kwa vitendo, kungoja, kurudia vilevile, na kusifu papo hapo. Kaspar hufanya hivyo kwa sababu haiwezi kufanya vingine. Binadamu hulazimika kujizuia, na kujizuia kunafundishika. Mama anayesema “shika kikombe”, akanyamaza akimpa mtoto nafasi, kisha akarudia maneno yaleyale kwa sauti ileile, anatoa tiba iliyogharimu maabara za Ulaya mamilioni kuithibitisha. Baba anayebandika ukutani picha za kuamka, kuoga, kula na kwenda shule, kwa mpangilio usiobadilika, amempa mtoto utabiri uleule unaomfanya aipende mashine.

Yupo mtu mmoja ambaye mipango mingi humsahau, naye ni dada wa nyumbani. Katika nyumba nyingi za Buruburu ndiye anayekaa na mtoto kuanzia asubuhi hadi wazazi warudi wakiwa wamechoka na foleni ya Jogoo Road. Yeye ndiye mtu wa tatu wa kweli. Hulipwa kidogo, hubadilishwa mara kwa mara, na kila akiondoka mtoto huanza upya. Familia iliyo tayari kutafuta zaidi ya laki moja kwa ajili ya roboti ingefanya vyema zaidi kumwongezea dada huyo mshahara ili akae, na kumpeleka kwenye mafunzo pamoja na mama. Hilo linasemwa hapa kwa uzito wote.

Roboti ikija, basi, ije kwa utaratibu. Iwekwe katika kitengo cha shule ya umma, mikononi mwa mwalimu aliyeajiriwa na anayewajua watoto wake kwa majina. Isemeshwe Kiswahili na lugha za nyumbani. Itengenezwe au angalau irekebishwe Nairobi. Na ipimwe kwa swali moja tu, kama mtoto amezungumza zaidi na watu mashine ilipozimwa. KISE ina uwezo wa kuongoza jaribio la namna hiyo, na kaunti ya Nairobi ingefaa kuligharimia.

Mzazi ambaye mtoto wake amefikisha mwaka mmoja na haitikii jina lake, hanyooshi kidole kuonyesha kitu, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, asisubiri roboti ije wala asisikilize wanaomwambia kwamba wavulana huchelewa kusema. Ampeleke kufanyiwa tathmini mapema kadiri awezavyo, na aende na dada wa nyumbani. Vituo vya tathmini ya elimu viko katika kaunti ndogo, na KISE iko Kasarani: kutoka Buruburu ni kufuata Outer Ring hadi Thika Road.